Mguu Uliogoma

Nianze na usiku wa mwizi, maana ndio usiku ulioniharibia jina nyumbani.

Ilikuwa Agosti 2017, Magomeni, kwa baba mdogo. Nilikuwa na miezi miwili natembelea magongo. Mguu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi kuanzia nyonga hadi vidoleni, unaburuzika nyuma yangu kama gunia la mkaa. Saa tisa za usiku nikasikia ukelele uani: "Mwizi! Mwizi huyo!" Basi ndugu msomaji, sijui ilikuwaje, nilijikuta nimesimama. Nikapiga hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, mguu wa kulia umo kazini sawasawa na mwenzake. Halafu nikakumbuka. Ni kule kukumbuka kulikoniangusha, wala si kitu kingine. Nilianguka kifudifudi nikang'ata ulimi.

Baba mdogo alikuwa kasimama mlangoni na tochi ya simu. Hakunimulika usoni. Alinimulika mguuni.

"Umeona?" akamwambia mama mdogo. "Si nilikwambia mimi? Kijana anazuga."

Mwizi aliondoka na sufuria mbili na ndoo ya maji. Mimi nilibaki na jina.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Mei ya mwaka ule nilimaliza mtihani wa kidato cha sita, nikaja Dar kusubiri matokeo. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyenipokea, akaniweka dukani kwake. Duka la vifaa vya ujenzi: misumari, mabati, saruji. Kazi ya kubeba. Jioni nacheza mpira na washikaji. Siku moja ya Juni nikateguka kifundo cha mguu, kitu cha kawaida kabisa, nikakandwa kwa maji ya moto na chumvi, nikachechemea siku tatu nne. Uvimbe ukaisha. Maumivu yakaisha. Jumanne moja nikaamka, nikataka kushuka kitandani, mguu haupo. Yaani upo, nauona, lakini naupa amri hausikii. Ni kama umeita mtu kwa jina mbele ya watu na yeye akapita bila kugeuka.

Hospitali ya kwanza walipiga eksirei ya kifundo na ya mgongo. Safi. Hospitali ya pili wakataka kipimo cha kichwa, baba mdogo akauza mabati kwa bei ya hasara ili tupate pesa ya haraka. Safi. Daktari kijana akanigonga goti kwa nyundo ndogo, mguu ukaruka vizuri tu. Akanichoma choma kwa sindano toka pajani hadi kwenye unyayo, nikamwambia sisikii. Akaniangalia kwa muda, akaandika, akafunga faili.

"Huna kitu," akasema.

Nimelifikiria sana neno hili, kuliko maneno mengi niliyofundishwa darasani. Mgonjwa wa malaria akiambiwa hana kitu, anashukuru Mungu anakwenda zake. Lakini mtu aliyeingia kwa magongo na atakayetoka kwa magongo, ukimwambia hana kitu, umemwambia kwamba kitu ni yeye mwenyewe. Tulirudi nyumbani kwa bajaji bila kuzungumza. Baba mdogo si mtu mbaya, naomba lieleweke hilo. Ni mtu aliyetoa pesa nyingi akanunua jibu, na jibu alilouziwa ni kwamba mtoto wa marehemu kaka yake anategea kubeba saruji.

Kila mtu alikuja na maelezo yake. Mama alisafiri kutoka Morogoro, akanipeleka kwenye maombi. Nikawekewa mikono kichwani watu sita kwa pamoja, nikaambiwa inuka, nikainuka, nikaanguka, wakasema imani haijatimia. Jirani mmoja akatushauri mtaalamu wa huko Mbagala, ambaye alisema nimerogwa na mtu wa karibu mwenye duka. Mama akamwangalia baba mdogo kwa jicho la pembeni wiki nzima, na ugomvi huo haujaisha hadi leo. Mama mdogo yeye alikuwa na nadharia ya kisomi: naogopa matokeo. Matokeo yakija mguu utafunguka.

Basi Julai matokeo yalitoka. Daraja la pili. Tulikunywa soda. Mguu haukufunguka.

Nawaeleza hili kwa sababu wengi tunapenda hadithi yenye fundo linalofunguka. Kijana ana siri moyoni, siri inageuka ugonjwa, siri inatajwa, ugonjwa unaondoka, muziki, mwisho. Hata sisi tunaoandika andika hizi hadithi fupi tunaipenda sana, kwa kuwa inatupa mwisho bila jasho. Mimi nilijichimba moyoni kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka mchangani. Kifo cha baba? Nililia, nilizika. Saruji? Ilichosha, ila nilikuwa napata nauli na vocha. Usiku nilijifungia chumbani naujaribu mguu gizani ili nijikamate mwenyewe nikidanganya. Nilikuwa polisi na nilikuwa mwizi. Na baada ya ule usiku wa ukelele hata mimi nilianza kukubaliana na tochi ya baba mdogo. Kama nimekimbia hatua tatu, si nazuga kweli?

Kijiweni ndiko kulikoniuma zaidi. Kuna mshikaji mmoja, namficha jina maana bado tunasalimiana, alisema mbele ya watu: "Huo ugonjwa ni wa madada wa bweni. We mwanaume gani unapandisha mashetani ya mguu?" Watu wakacheka hadi wakashika matumbo. Nami nikacheka. Ungefanya nini?

Kumbe yule jamaa bila kujua alikuwa anasema jambo la kale sana. Neno histeria limetokana na neno la Kigiriki la mji wa mimba. Watu wa zamani waliamini mji wa mimba unaweza kuhama ukatangatanga mwilini na kumletea mwanamke vituko. Mwishoni mwa karne ya 19, Paris, kwenye hospitali ya Salpêtrière, daktari Jean-Martin Charcot alikuwa akiwaonyesha wagonjwa wa namna hii mbele ya wageni wake, na ingawa wanaokumbukwa ni wanawake, yeye mwenyewe alionyesha wazi kuwa wapo wanaume pia, mafundi na vibarua wenye misuli yao. Sigmund Freud alikwenda kumsikiliza. Mwaka 1895 Freud na mwenzake Josef Breuer wakatoa kitabu chao kuhusu histeria, na hapo ndipo hasa ile hadithi ya siri na fundo ilipoenea duniani. Kisha ikaja vita ya 1914 hadi 1918, na wanajeshi wa Ulaya kwa maelfu wakatoka kwenye mahandaki wakiwa mabubu, wanatetemeka, au miguu imekufa na hakuna risasi iliyowagusa. Wengine waliitwa waoga. Madada wa bweni hao!

Haya yote sikuyajua wakati ule. Niliyajua baadaye, nilipopata pa kuanzia, na pa kuanzia palikuwa kisigino changu mwenyewe.

Februari 2018 mama alisikia habari za daktari mmoja wa mishipa ya fahamu, mama wa makamo, anayetibu watu siku mbili kwa wiki. Tulikaa kwenye benchi toka saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Nilipoingia nilikuwa nimekwisha jiandaa kusikia lile neno. Hakulisema. Aliniuliza ilianzaje, akaniacha niseme hadi mwisho bila kunikata, tena akauliza kama kuna wakati mguu unafanya kazi. Nikanyamaza. Mama akajibu kwa niaba yangu, kwa aibu: "Kuna siku alikuja mwizi, daktari."

Nilitegemea atatabasamu. Badala yake alisogeza kiti.

"Lala chali," akasema. Akaweka kiganja chake chini ya kisigino changu cha kulia. "Bonyeza kisigino kitandani, ponda mkono wangu." Nikajaribu hadi jasho likanitoka puani. Hakuna kitu. "Sawa. Sasa mguu huo usahau kabisa. Nyanyua wa kushoto juu, mimi nitaukandamiza, wewe shindana na mimi." Nikanyanyua wa kushoto, akaukandamiza kwa mkono wa pili, nikashindana naye kwa nguvu zangu zote.

"Mama, njoo," akasema. "Weka mkono wako hapa nilipoweka mimi." Mama akaweka mkono chini ya kisigino cha kulia. Tukarudia. Nikaona uso wa mama unabadilika.

"Kinabonyeza," mama akasema. "Daktari, kinabonyeza kwa nguvu!"

Kipimo hiki kina jina, kinaitwa ishara ya Hoover, kwa jina la daktari wa Marekani, Charles Hoover, aliyekieleza mwaka 1908. Hakitaki umeme wala pesa. Mtu yeyote akinyanyua mguu mmoja kwa nguvu, ule wa pili unajikita chini wenyewe bila kuagizwa, ili mwili upate pa kuegemea. Mguu uliokatika mawasiliano kwa kiharusi hauwezi kujikita hivyo. Mguu wangu uliweza. Maana yake nyaya zote zilikuwa nzima. Kilichoharibika ni njia ile ya kuamrisha kwa makusudi. Ukiuagiza haupo. Ukiusahau upo.

"Kwa hiyo nazuga?" nikamuuliza. Sauti ilitoka vibaya.

"Anayezuga anajua kwamba anazuga," akasema. "Wewe unajua?"

"Sijui, daktari."

"Una redio nyumbani? Redio iko nzima, betri mpya, antena imesimama, ila sindano imehama stesheni. Fundi akiifungua hataona kitu kilichoungua. Atakwambia redio haina kitu. Lakini wewe taarifa ya habari husikii, si ndiyo? Ule usiku wa mwizi wewe hukuuagiza mguu. Ulimwagiza mwizi asimame, mguu ukafuata. Ulipoukumbuka, ukauingilia kazi yake."

Nililia pale kitandani kama mtoto. Mama alinifuta kwa ncha ya khanga. Unajua, kilichonitoa machozi si kwamba nitapona, maana hilo hakuniahidi. Ni kwamba zile hatua tatu, ambazo kwa miezi sita zilikuwa ushahidi dhidi yangu, yeye alizichukua akazifanya ushahidi wangu.

Alinieleza pia kwamba kule kuteguka kifundo huenda kulichangia, kwa sababu mtu akiumia huanza kuuchunga mguu, na ubongo wengine hujifunza kuchunga kupita kiasi. Na kuhusu siri ya moyoni alisema nisihangaike kuitafuta kama haipo. Wapo walioanza kuugua baada ya msiba au kuteswa, wapo walioanza baada ya homa au jeraha dogo, na wapo ambao hakuna anayeweza kusema. Nilipokuja kusoma nikaona ni kweli: kile kitabu cha Wamarekani cha kuainisha magonjwa ya akili, katika toleo la tano la mwaka 2013, kiliondoa sharti la kwamba lazima kwanza lipatikane jambo lililomsumbua mgonjwa. Ugonjwa unatambuliwa kwa dalili zake zenyewe, kama kisigino changu, na si kwa sababu vipimo vingine havikuonyesha kitu. Haina maana kwamba moyo hauhusiki. Ina maana kwamba daktari hana ruhusa ya kukutungia hadithi.

Mazoezi yalikuwa ya ajabu. Nilitegemea kunyanyua vyuma. Yule kijana wa mazoezi ya viungo alinitembeza kinyumenyume. Alinirushia mpira huku natembea, akaniambia nihesabu madirisha, nitaje timu zote za ligi kuu, niimbe. Lengo ni moja, kuupa ubongo kazi nyingine ili mguu ufanye yake bila kusimamiwa. Wiki ya tatu nilitembea kinyumenyume ukumbi mzima bila gongo. Kwenda mbele sikuweza. Hebu fikiria, mtu mzima anarudi nyuma vizuri kuliko anavyokwenda mbele. Nikamwambia basi nitafaa kwa uongozi. Mei nikaacha gongo moja. Septemba la pili. Siku nyingine mguu unarudi kugoma, nusu saa, siku nzima, hasa nikiona mtu ananitazama unyayo. Sijapona kama mtu anavyopona malaria. Baba mdogo naye hajawahi kusema neno juu ya ile tochi, ila siku niliyopanda daladala peke yangu alinipa elfu kumi, akasema ni ya viatu.

Desemba 2018 nilikwenda Nshamba, wilaya ya Muleba, kumsalimia bibi mzaa baba. Nilikuwa natembea na fimbo nyembamba tu, ya kujipa moyo. Aliniona nakuja toka mbali kati ya migomba, akasimama mlangoni mkono umeziba mdomo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Nilisikia umevunjika."

"Sikuvunjika, bibi. Mguu ulikataa tu. Madaktari hawakuona kitu."

Akanitazama sana. Usiku, baada ya chakula, ndipo akanihadithia habari ambayo baba yangu alikufa bila kunisimulia. Kwamba mwaka 1962, yeye akiwa mtoto wa miaka kumi, kijiji hiki kilicheka.

Wengi wenu mtakuwa mmesikia kipande cha habari hii, maana huwekwa kwenye orodha za maajabu ya dunia na watu huisoma kwa furaha. Ilianzia Kashasha, kwenye shule ya misheni ya wasichana ya bweni, tarehe 30 Januari 1962, hata miezi miwili haijatimia tangu Tanganyika ipate uhuru. Wasichana watatu walianza kucheka. Wakafuata wengine, hadi kufika 95 kati ya wanafunzi 159. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa, watoto wakarudishwa kwao, na baadhi yao kwao ni Nshamba. Hapo kijijini watu 217 walishikwa, wengi vijana na watoto. Shule ikafunguliwa Mei, ikafungwa tena Juni. Madaktari wawili, Rankin na Philip, walipima damu, wakachunguza chakula, wakapima maji ya uti wa mgongo, hawakupata kitu. Wakaandika ripoti mwaka 1963. Kwa wenyeji ugonjwa ule waliuandika kwa jina la enwara yokusheka, ugonjwa wa kucheka. Hakufa mtu.

Hiyo ni ya vitabuni. Ya bibi ni nyingine. Bibi alisema watu walidai hewa imetiwa sumu na mabomu ya wazungu, wengine wakasema ni unga. Alisema dada yake mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na sita hivi, alishikwa akichota maji. Alicheka siku tisa. Si mfululizo, anacheka robo saa, saa nzima, anatulia, anakunywa uji, inamrudia. Wajomba walimfunga mikono kwa kamba za mgomba kwa sababu akishikwa alikuwa anapigana. Siku ya kumi akaamka mzima, akafagia uwanja.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu nini? Akaitwa yule wa kucheka. Mchumba akarudi nyuma. Aliolewa baadaye sana, mbali, kwa watu wasiojua. Na toka hapo, mbele ya watu, dada yangu hakucheka tena. Kitu kikimfurahisha anafunika mdomo kwa khanga, anatazama chini. Hadi tunamzika."

Miaka mitano baadaye, Oktoba 2023, wasichana zaidi ya 90 wa sekondari moja kule Kakamega, Kenya, walilazwa wakiwa hawawezi kutembea sawasawa, na picha za video zikazagaa. Niliona watu wazima, wasomi, wanaandika kwamba watoto hao wanakwepa mtihani. Nilikuwa kwenye daladala. Mguu wangu ukafa palepale, nikapitilizwa vituo viwili.

Lakini usiku ule wa Nshamba sikuwa nimeyaona hayo bado. Nilimuuliza bibi swali ambalo nilikuwa nalo kooni tangu Magomeni.

"Bibi, alikuwa anazuga?"

Hakulijua neno. Nikamwambia, alikuwa anajifanya?

Bibi aliinama akasukuma kuni jikoni, cheche zikaruka.

"Mimi ndiye niliyewekwa kumlinda," akasema. "Wanasema kucheka, kucheka. Machozi nilikuwa nayapangusa mimi. Kanga nzima inalowa."

Asubuhi akanipa panga, akanituma kukata mkungu wa ndizi bondeni, kama vile hakuna tulichozungumza. Fimbo niliiacha mlangoni. Kwenye mteremko, karibu na mfereji, nilihisi bibi yuko nyuma ananitazama, na mguu ukaanza kusita.

Nikaanza kuhesabu migomba.